Kilabu, Baa na Grosari: Historia ya Mahali pa Kunywea katika Mji wa Songea

1.0 Utangulizi



Wanahistoria wameandika mengi, na kwa haki, juu ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na juu ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na ambaye mji wa Songea unaitwa kwa jina lake. Mhadhara huu unahusu jambo dogo zaidi, nalo ni mahali ambapo watu wa mji huo, kazi ikiisha, huketi na kunywa kwa utulivu. Jambo hili linawahusu wanaisimu pia, kwa sababu mahali hapo pamepewa majina matatu, yaani kilabu, baa na grosari. Hoja yangu ni kwamba majina haya, yakisomwa kwa mfuatano, yanatueleza nani aliruhusiwa kuketi na nani, na kwa masharti ya nani.

2.0 Kabla ya kilabu

Kunywa pamoja hakukuletwa na wakoloni. Richard Burton, aliyesafiri bara katika miaka ya 1850, alilikuta neno pombe likitumika na akaliandika. Pwani ilikuwa na tembo la mnazi, na methali isemayo "mgema akisifiwa tembo hulitia maji" yatosha kutuonyesha kwamba muuza kinywaji ana nafasi ya zamani katika lugha yetu. Katika Nyanda za Juu Kusini, lugha kadhaa zina neno ugimbi. Huko pombe ilikuwa ni nafaka kwa sura nyingine. Ilipikwa baada ya mavuno, ikawapoza waliokuja kusaidia kulima, ikawapokea wageni na kuwaaga wafu. Haikuhitaji nyumba yake yenyewe, kwani ilinywewa uani pa aliyeipika. Wamatengo, majirani wa Wangoni, walikuwa na sengu, yaani kikao ambapo wanaume walikula pamoja, wakaonyana na kuamua mashauri. Utulivu wa kuketi ulikuwa sehemu ya utawala wa jamii.

Nafaka ikikosekana, pombe nayo hutoweka. Majeshi ya Wajerumani yalipoteketeza mashamba na maghala ili kuizima Majimaji, Ungoni ilipatwa na njaa. Katika Kiswahili cha wakati huo neno baa lilikuwa na maana ya msiba, kama tusemavyo hata leo baa la njaa. Maana ya pili, ile ya mahali pa kunywea, ilikuwa bado haijafika.

3.0 Kilabu

Chini ya Waingereza, vinywaji viligawanywa kwa rangi za watu. Bia ya chupa na vileo vikali vilikuwa vya Mzungu. Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo ikawekewa leseni, saa na ada. Vikwazo hivyo vililegezwa kidogo kidogo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mzungu alikuwa na klabu yake, ambako Mwafrika aliingia kama mtumishi. Neno hilohilo la Kiingereza limetupa sisi kilabu, mahali pa pombe ya kienyeji. Tazameni jinsi lugha ilivyolipokea. Silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, wingi wake ukawa vilabu, kama vile kitabu, neno la Kiarabu, lilivyozaa vitabu. Waliofungiwa mlango walilichukua jina la nyumba, wakalinyambua kwa sarufi yao, wakaliweka juu ya mabenchi yao wenyewe.

Kwa Songea jambo hili lina uzito wa pekee. P. H. Gulliver, katika utafiti wake wa mwaka 1955 juu ya Wangoni na Wandendeuli, alionyesha jinsi nchi hiyo ilivyogeuzwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana waliondoka kwenda mbali, hasa kwenye mashamba ya mkonge. Kwa mtu aliyezoea kuishi kambini chini ya mnyapara, benchi ambalo hakuna wa kumwamuru aondoke halikuwa anasa.

Katika kilabu hunywewa komoni, itokanayo na mahindi na ulezi, na wakati wa masika ulanzi, utomvu wa mianzi michanga iliyokatwa ncha. Ulanzi mpya ni mtamu. Ukilala huwa mkali. Mpishi na muuzaji kwa kawaida ni mwanamke, na ada hiyo ya pombe imesomesha watoto wengi. Desturi inamtaka aonje kwanza mbele ya wateja, ili wajue hakuna sumu. Chombo hupita mkono kwa mkono, mzee akitangulizwa. Mtu asiyemwamini jirani yake hawezi kunywa hivyo.

4.0 Baa

Baa ilikuja na chupa, na chupa huhitaji barabara. Ulanzi waweza kufika mjini kwa kichwa au kwa baiskeli, lakini kreti za bia hungoja lori. Ujenzi wa barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea katika miaka ya 1980, takriban kilometa 300, kwa hiyo ni sehemu ya historia ya unywaji. Ajabu ni kwamba muongo huohuo ulikuwa wa uhaba, na bia yenyewe iliadimika nchini kote. Hali ilibadilika baada ya mageuzi ya uchumi, na hasa baada ya mwaka 1993, Kampuni ya Bia Tanzania ilipoingia ubia na South African Breweries.

Aliyeketi baa alionekana kuwa mtumishi wa serikali, mfanyabiashara, mtu wa mshahara. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 nayo iliendelea kuitenga pombe ya kienyeji na vileo vingine. Tofauti ya rangi ilikwisha. Tofauti ya mfuko ikarithi viti vyake.

5.0 Grosari

Jina la tatu ndilo la karibu zaidi na mada yetu. Katika Kiingereza neno hili ni la duka la vyakula. Katika Kiswahili cha Tanzania, grosari ni kiduka chenye friji, viti vichache barazani, na redio isiyopigiwa makelele. Baa kubwa za Dar es Salaam zilijengewa muziki. DDC Kariakoo ni mfano unaojulikana. Grosari hujengewa mazungumzo. Watu huitana mzee, mama, mjomba. Hawasemi "pombe" bali "kinywaji". Tafsida hii imerudisha staha ya sengu katika mji wenye watu wasio wa ukoo mmoja, na lugha iwaunganishayo Mngoni, Mmatengo, Mndendeuli na Myao hapo ni Kiswahili.

Siutetei ulevi. Gongo imeua, na mishahara imeishia mezani huku watoto wakilala njaa. Lakini tutofautishe kinywaji na kikao. Viroba, vileo vikali vya vifuko vya plastiki vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, vilinyweka njiani, mtu akiwa peke yake, bila jirani wa kumwambia yatosha. Kilabu na grosari zina macho ya wengine.

6.0 Hitimisho

Tumeona jina moja lililotwaliwa kutoka kwa waliotubagua, la pili lililofuata chupa na lami, na la tatu lililogeuza duka kuwa baraza. Nawasihi wanafunzi wa Kiswahili wasiyadharau maneno haya kwa sababu ya harufu ya mahali yatokapo. Wazee na akina mama wanaokumbuka majina ya vyombo, vipimo na adabu za kilabu wanazidi kupungua, na mamlaka za miji huviona vilabu kuwa uchafu wa kuondolewa. Benchi likiondolewa kabla hatujaandika kilichosemwa juu yake, tutakuwa tumepoteza ukurasa wa historia ya watu ambao hawakuwa na ukurasa mwingine.