Gari la Umeme Lina Farasi Wangapi?

Mtu akiuliza nguvu za gari la umeme, inafaa naye aulizwe: zipimwe wapi? Kwenye betri, kwenye mota, au kwenye magurudumu? Kila sehemu ina jibu lake, na majibu hayo hayalingani. Wengi hudhani tatizo hili limekuja na magari mapya ya umeme. Katika insha hii nitaonyesha kwamba ni la zamani kama kipimo chenyewe.

Nguvu za farasi zilizaliwa sokoni. Mwanzoni James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walilipwa theluthi ya thamani ya makaa ambayo mteja aliokoa kwa kuacha injini ya mvuke ya aina ya Newcomen. Lakini mwenye kinu kilichozungushwa na farasi hakuwa na makaa ya kuokoa. Ilibidi injini ilinganishwe na mnyama. Katika miaka ya 1780 Watt alikadiria kwamba farasi wa kinu huvuta kwa nguvu ya ratili 180, akizunguka duara lenye nusu kipenyo cha futi 12 mara 144 kwa saa. Hesabu hiyo ni sawa na kuinua karibu ratili 32,600 futi moja kwa dakika, naye akaifanya 33,000. Kwa vipimo vya leo ni kama wati 746. Farasi wengi hawawezi kufanya kazi hivyo siku nzima. Kwa hiyo aliyenunua injini ya farasi kumi hakupunjwa. Muuzaji alikuwa amekadiria juu kwa faida ya mteja.

Waliofuata hawakuwa wakarimu hivyo. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha La Jamais Contente huko Achères, karibu na Paris, likawa gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa. Lilikuwa la umeme. Huandikwa kwamba lilikuwa na nguvu za farasi 68 hivi. Ukichukua volti 200 na ampea 124 kwa kila mota kati ya mbili zake, unapata wati 49,600, yaani farasi 67 kwa kipimo cha Ufaransa cha wati 735.5. Maana yake, tunaposema 68 tunahesabu umeme ulioingia katika mota. Kilichofika magurudumuni kilikuwa pungufu, kwa sababu sehemu ya umeme hugeuka joto njiani.

Magari ya petroli nayo yana kisa chao. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa tupu juu ya meza ya majaribio, bila vifaa vingi inavyovibeba ndani ya gari. Kufikia 1972 vilihamia kwenye kipimo cha injini yenye vifaa vyake. Cadillac Eldorado ya 1971 ilihesabiwa farasi 365 kwa kipimo cha zamani, na 235 kwa kipimo kipya. Injini ni ileile.

Ugomvi huo ulirudi Oktoba 2014, Tesla ilipotangaza Model S P85D: mota ya nyuma farasi 470, ya mbele 221, jumla 691. Baadhi ya wamiliki walilalamika kwamba farasi hao hawaonekani. Septemba 2015 JB Straubel, mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo, alieleza kwamba uwezo wa mota na uwezo wa betri ni mambo mawili tofauti. Baadaye kampuni ilitaja nguvu za farasi 463 kwa gari hilo, sawa na kilowati 345 hivi. Huko Norwe wamiliki walidai haki yao, na mwaka 2016 mgogoro ulimalizika kwa fidia. Kila mota iliweza kweli kutoa kilichoandikwa. Betri ndiyo haikuweza kuzilisha zote mbili kwa pamoja. Kujumlisha mota mbili bila kuitazama betri ni kama kuhesabu midomo ya wageni bila kutazama chungu.

Kwetu jambo hili si la matajiri peke yao. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda hapa Kampala, na alitaka pikipiki ya umeme kwa mkopo. Karatasi ya muuzaji ilisema wati 4,000. Tukasoma kibandiko cha betri: volti 72, kikomo ampea 40. Hizo ni wati 2,880, kabla joto halijachukua sehemu yake. Tukaomba kuijaribu kilimani. Pikipiki, yeye na mimi tulikuwa kilo 270 pamoja. Tukapanda kimo cha mita 30 kwa sekunde 45. Kuinua mzigo huo peke yake ni karibu wati 1,760, bila kuhesabu upepo na msuguano wa barabara. Ni farasi wawili wa Watt na kidogo. Alishusha bei kwa hesabu hiyo, ndipo akatia saini. Marejesho ya kila wiki hulipwa kwa safari zilizofika juu ya kilima, hayalipwi kwa wati za karatasini.

Kwa maoni yangu, nguvu halisi ni ile ndogo kuliko zote katika mnyororo: betri, mota, gurudumu. Tena lazima iambatane na muda, kwa kuwa mota inayotoa nguvu nyingi kwa sekunde kumi huenda isizitoe kwa nusu saa. Watt alijua hili, ndiyo maana kipimo chake kina mzigo, kimo na dakika ndani yake. Namba isiyotaja ilipimwa wapi na kwa muda gani ni bei tu, na bei hujadiliwa.