yakuti samawi: kupasha joto na kuongeza elementi

yakuti samawi *nm* [i-/zi-] Kito cha korandamu (oksidi ya alumini), hasa cha buluu. Buluu hiyo hutokana na chembe chache za chuma na titani. Kromi ikikolea, jiwe huwa jekundu na huitwa *yakuti* tu.

Matumizi. *Kupasha joto* ni kuliweka jiwe tanurini, mara nyingi kwa nyuzi zaidi ya 1,500 za Selsiasi. Sindano za rutaili zilizomo huyeyuka, titani yake ikasambaa na buluu ikakolea, hakuna kilichoongezwa. *Kuongeza elementi* ni jambo jingine: titani ya nje hutia rangi tabaka la juu tu, ilhali berili hupenya hadi ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakuti za Songea zilitiwa berili nchini Tailandi, zikageuka rangi ya machungwa.

Tahadhari. *Kuchoma*, neno la sokoni, halibainishi njia iliyotumika, kwani zote mbili huhitaji moto. Mfasiri wa cheti asilitumie peke yake: thamani hutofautiana sana, na atakayepunjika ni mnunuzi.

Mfano. *Cheti kilichoonyeshwa mpakani Kasesya kilieleza kuwa yakuti ilipashwa joto bila kuongezwa elementi.*