Chai ya Boston

Wengi hudhani Wamarekani waliasi kwa uzito wa kodi. Sivyo hasa. Mwaka 1766 Bunge la Uingereza liliwaondolea ushuru wa stempu, lakini papo hapo likatangaza kuwa lina mamlaka juu yao katika kila jambo. Mwaka 1770 likafuta ushuru mwingine, likabakiza ule wa chai, peni 3 kwa ratili, ili mamlaka hayo yasisahauliwe.

Sheria ya 1773 ilikusudiwa kuirahisisha chai. Walakini tarehe 16 Desemba watu wa Boston walitosa baharini makasha 342. Kwao, kuinunua ni kukiri kwamba wasio na mjumbe Bungeni waweza kutozwa. (Wafanya magendo nao walichelea faida yao.) Serikali ikaifunga bandari mpaka chai ilipwe. Ndipo makoloni 12 yakapeleka wajumbe Philadelphia, Septemba 1774.