Kidakavali

Lori la kabichi likitoka Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushuka kwa kona za Soni hadi Mombo, ambako hewa ni nzito zaidi. Injini imevuta hewa mbili tofauti katika safari moja fupi, lakini kamshafti imezifungua vali kwa umbo lilelile la chuma, juu na chini.

Wahandisi wamejaribu kuiondoa kamshafti na kuipa kila vali sumakuumeme zake. Kifaa hicho tukiiteje? Wepesi watasema “kiendeshi cha vali”. Silikubali jina hilo, kwa kuwa sumaku haiendeshi.

Vali hukaa kati ya springi mbili zinazosukumana, na sumakuumeme mbili, moja juu na moja chini. Umeme ukikatwa juu, springi iliyobanwa huirusha vali kama milimita 8 hivi; sumaku ya chini huidaka na kuishikilia. Mrushaji ni springi.

Kudaka huko ndiko kwenye kazi. Mvuto wa sumaku huongezeka ghafla kadiri chuma kinavyoikaribia, hivyo vali inaporudi kufunga hujigonga kwenye siti yake, ikapiga kelele na kulika. Umeme ukipunguzwa mapema mno, springi huirudisha vali kabla haijadakwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde, na mruko mmoja huchukua milisekunde 3 au 4. Ndani ya muda huo kompyuta hufuatilia vali ilipo, hulegeza umeme kabla ya mguso, kisha hujirekebisha kwa kosa la mruko uliopita. Mtoto achezaye mdako hufanya vivyo hivyo: hushusha kiganja kidogo kijiwe kinapotua.

Lugha yetu ina kidakatonge kooni, basi na iwe na kidakavali. Fundi azoeaye kusema “valvu” atakielewa mara moja. Kamshafti tuiache ilivyo. Gereji zimekwisha kuipa uraia.

Vidakavali bado havijaenea kwenye magari ya barabarani. Lakini vikiamriwa kufungua vali za kutolea moshi pale pistoni inapomaliza kugandamiza hewa, injini yenyewe hugeuka breki, na lori la kabichi likashuka Soni bila kuchoma breki za magurudumu.