Bibi alizaliwa mwaka gani?

Jamani, hebu niwaulize: bibi yako kazaliwa lini? Sizungumzii tarehe iliyo kwenye kitambulisho. Hiyo wengi wetu tunajua ilivyopatikana. Karani kamtazama usoni, katazama foleni ilivyo ndefu, kaandika mwaka wowote unaofanana fanana, "haya bibi, mwingine!"

Bibi yangu mzaa mama alifariki 2019 huko kwetu Singida. Siku ya kuandaa msalaba ikazuka hoja: mwaka wa kuzaliwa uandikwe upi? Mjomba mkubwa anasema 1936. Mama mdogo anasema 1942. Kitambulisho chenyewe kinasema 1947, na hapo wazee wote wakaguna. Mimi nilikuwa bado chuo, wakanigeukia: "Wewe si ndiye msomi? Tafuta."

Bahati nzuri njia ipo. Makarani wa sensa wakikutana na mtu asiyejua mwaka wake, hutumia kalenda ya matukio. Njaa fulani, vita fulani: wewe ulikuwa mkubwa kiasi gani? Nikaanza kukusanya yale bibi aliyokuwa akitusimulia jikoni.

La kwanza lilikuwa la watu simba. Kati ya 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilikumbwa na mauaji ya kutisha, wauaji wakijifanya simba. Serikali ya Mwingereza ilikamata watu na wengine walinyongwa. Hayo yameandikwa vitabuni. Lisiloandikwa ni lile la bibi: kwamba mama yake aliwafungia ndani ya tembe kabla jua halijazama, na kwamba yeye aliachishwa kuchunga mbuzi, kazi ikapewa kaka zake. Mtoto wa kuchunga mbuzi ana miaka saba, nane hivi. Basi tuseme alizaliwa 1939, na 1947 ya kitambulisho ikafutika hapo hapo.

Nikaendelea. Uhuru, 1961? Hakukumbuka bendera wala mwenge. Alichokumbuka ni mjomba mkubwa kuugua surua, na yeye kukesha naye. Singida kuwa mkoa, 1963? Hiyo kwake ilikuwa habari ya wanaume. Lakini kisomo cha watu wazima alikikumbuka vizuri mno. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi alijifunza kuandika jina lake chini ya mti, mtoto yuko mgongoni, jioni baada ya kutwanga. Mpaka anazeeka alikataa kata kata kutia dole gumba.

Halafu 1974. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini, na hilo ni agizo. Operesheni ikafika kwetu. Ukisoma historia utakuta mjadala mkubwa wa sera: ilifaulu, ilishindwa, nani alaumiwe. Bibi alihama na jiwe lake la kusagia kichwani na mama yangu mgongoni, akaacha nyuma tembe na shamba la mtama lililokuwa halijavunwa. Mwaka ule ule mvua ikagoma. Ndiyo wakaanza kula yale mahindi ya njano kutoka nje, ambayo watani waliyaita Yanga. Bibi alisema, "Sisi tuliofika na mawe yetu tulikuwa matajiri. Wenzetu walikuwa wanaazima."

Mnaona ninachotaka kusema? Kalenda ya serikali ina matukio ya serikali. Kalenda ya bibi ilikuwa ya watoto. Kila mwaka aliujua kwa mtoto aliyekuwa mgongoni.

Na msidhani hili ni suala la msalaba tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure. Mwaka 2005 bibi alikuwa na miaka 66 hivi. Kitambulisho kikasema 58. Kwenye zahanati moja wakamwambia bado hajazeeka, alipe. Kosa la sekunde tatu la karani likamgharimu bibi miaka kadhaa ya haki yake.

Wakati mwingine watu hawasomi hata kitambulisho, wanasoma macho. Ya bibi yalikuwa mekundu kwa sababu alipika kwa kuni ndani ya nyumba tangu msichana. Miaka hiyo magazeti yetu yalikuwa na habari za vikongwe kuuawa Usukuma kwa sababu hiyo hiyo, wakiitwa wachawi. Bibi alizijua habari hizo. Mgeni akibisha hodi, alivuta khanga mpaka karibu na nyusi. Moshi uliopikia watoto saba na wajukuu wasiohesabika ukageuka ushahidi dhidi yake.

Mimi ni mmoja wa hao wajukuu. Kidato cha kwanza nilianza 2013, ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mbali na michango. Nyie wa Dar mnawajua sana kuku wa Singida kwa utamu wa supu. Mimi nawajua kwa hesabu: jogoo watatu, ada imepatikana. Januari 2016 serikali ilipofuta ada, nilikuwa naingia kidato cha nne. Bibi akacheka sana: "Mume wangu, hawa wamesubiri kuku wangu waishe!"

Msalabani tuliandika 1939. Mama mdogo hakuridhika, lakini mjomba alipokumbushwa ile surua alinyamaza.

Kwa hiyo kama bibi yako bado yupo, mpigie simu leo. Usimuulize alizaliwa mwaka gani wala siku ya Uhuru alikuwa wapi, atakwambia alikuwa shambani na maongezi yataishia hapo. Muulize wakati huo alikuwa amembeba nani mgongoni. Halafu chukua kalamu, maana hamalizi leo.