Ruzuku ya Miche na Kiangazi cha Dodoma

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Bukoba au Rungwe, hiyo ni masika yenyewe. Dodoma, mvua inaaga: msimu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupatikana milimita 600 hivi. Mche uliofukiwa siku hiyo mbele ya mgeni rasmi huonja unyevu wa wiki chache, kisha miezi saba ya jua na upepo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema shule na vikundi vya vijana vya Uwanda wa Kati vinakwamishwa na ukosefu wa fedha pekee. Milango ya fedha ipo. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, hutoa ruzuku kwa vikundi na taasisi. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), ipo nchini tangu miaka ya 1990. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Ila mkopo hurudishwa. Mchicha huvunwa baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo kikundi chenye kisima kitalipa. Kilichopanda miembe kitalipa kwa fedha zipi?

Tazama bajeti ya andiko la kawaida la kuomba ruzuku: viriba, mbegu, samadi, usafiri, fulana za uzinduzi. (Fulana hazikosekani.) Mstari wa maji haumo. Julai ikifika, mche unategemea kidumu cha lita tano ambacho mwanafunzi amekibeba kutoka nyumbani, ambako maji nayo ni ya kutafuta. Shule zikifungwa, hata kidumu hicho hakiji, ila mbuzi wanakuja.

Habari ya mbuzi si mzaha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden, ulichimba makingamaji na kupanda miti Kondoa. Lakini uoto ulirudi kwa kasi baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979. Wafugaji waliubeba mzigo wa uamuzi huo, na sipendekezi urudiwe. Ninachosema ni kwamba ulinzi ulifanya kazi ambayo miche peke yake haikuifanya.

Mantiki hiyo ndiyo ya mbinu ya Kisiki Hai, inayoenezwa mkoani Dodoma na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi. Kisiki kilichokatwa bado kina mizizi mirefu: unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogoa mengine, unaweka alama, unalinda. Hakihitaji ndoo wala kiriba. Mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza kazi hiyo kwa kisu na kamba. Lakini mfadhili anayehesabu miche iliyopandwa hana safu ya kukiandika kisiki.

Basi, mwalimu wa mazingira na katibu wa kikundi, mnapoandika andiko lijalo, wekeni mstari wa maji na posho ya mlinzi kwa viangazi viwili, hata kama idadi ya miche itapungua kwa nusu. Na mwombeni mfadhili aje kuhesabu Novemba.