Mawe ya Goma na Kinga ya Injini: Uhimili wa Mapigo katika Plastiki Zenye Nyuzi

Gari linalopita vichochoro vya Majengo au Ndosho, mjini Goma, linakanyaga lava. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulishusha moto hadi Ziwa Kivu, ukapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege; ule wa tarehe 22 Mei 2021 ulikata barabara ya Rutshuru. Kilichopoa kilipasuliwa kwa nyundo kikawa kuta, misingi ya nyumba na kifusi cha njia. Ni mwamba wenye vitundu, na ukivunjika huacha kingo kali kama za chupa. Magari yanayoupitia mengi yalikwisha tumika Asia au Ulaya, nayo yalibuniwa kwa ajili ya lami, na sehemu inayoumia mapema ni ile isiyoonekana: kinga ya injini, bamba la plastiki linalofungwa kwa bolti chini ya karteri ya mafuta. Hoja yangu ni kwamba vipimo tulivyozoea vya uhimili wa mapigo havisemi mengi kuhusu njia kama hizi. Tukipima inavyostahili, tutachagua nyenzo inayoendelea kushikana ikiisha kupasuka na inayokubali kuyeyushwa upya, hata kama nguvu yake ya awali ni ndogo.

Maabara hutumia zana mbili. Ya kwanza ni pendulamu ya Charpy au Izod: kijiti cha nyenzo, mara nyingi kimetiwa mkato, hupigwa mara moja na nyundo inayobembea, na nishati iliyomezwa huandikwa. Ya pili ni uzito unaodondoshwa juu ya bamba. Kiwango cha kimataifa ISO 6603 kinataka ncha ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 20. Katika zote mbili pigo ni moja, ncha ni laini, na kipande kikivunjika hutupwa. Jiwe la Goma hupiga kwa ncha ya milimita chache, hivyo nguvu ile ile hubanwa kwenye eneo dogo, na nyuzi za juu hukatwa kabla bamba halijapata nafasi ya kubonyea na kusambaza mzigo. Hupiga kwa mwendo mdogo, kwani katika njia hizo hakuna anayekimbia, lakini hupiga tena dakika ile ile, na kesho yake pia. Ufa uliofunguka kati ya uzi na plastiki hauonekani kwa macho, na pigo linalofuata huanzia hapo. Kwa jambo moja tumesamehewa: polipropilini ya kawaida huwa tete ikikaribia digrii sifuri, na Goma, ingawa iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haifikii baridi hiyo. Majedwali ya wauzaji yanayosifia uhimili wa digrii 30 chini ya sifuri yawafae watu wa Stockholm.

Uzi wa kioo peke yake ni tete, na polipropilini peke yake ni laini. Vikiunganishwa, ukinzani hutokana na kazi inayofanyika wakati wa kuharibika. Nyuzi hukatika, hubanduka kutoka kwenye plastiki na, hili ndilo kubwa, huchomolewa kwa msuguano. Kelly na Tyson walionyesha mwaka 1965, wakitumia waya za tungsteni ndani ya shaba, kwamba uko urefu wa mpaka: uzi mfupi kuliko huo huchomoka, mrefu zaidi hukatika. Kwa kioo ndani ya polipropilini mpaka huo huwa kwenye milimita moja hadi chache, kutegemea mshikamano. Mashine inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu huvunja nyuzi nyingi hadi chini ya kipimo hicho, na uzi mfupi mno huchomoka bila kazi kubwa. Ndiyo maana kipuri chenye chapa PP-GF30, yaani polipropilini yenye asilimia 30 ya kioo, kinaweza kuwa kakamavu na bado kikapasuka kwa pigo ambalo polipropilini yenye mpira, isiyo na uzi wowote, ingelistahimili. Zaidi ya hayo, kiunganishi cha kemikali kinachobana uzi na plastiki huongeza nguvu ya kuvutwa, lakini kikizidi huzuia uchomokaji, na nishati inayomezwa hupungua.

Mafundi wa bampa wanaijua kanuni hii kwa mikono. Fundi hutazama kwanza upande wa ndani, ambako kiwanda kimepiga chapa: PP+EPDM (polipropilini yenye mpira), ABS au nyingine. Hupasha chuma moto, huyeyusha kingo za ufa, huzamisha waya mwembamba kwa kuukatiza ufa, kisha huuzika kwa plastiki iliyokatwa kwenye bampa jingine bovu. Kitaaluma, hapo ametengeneza plastiki yenye nyuzi. Waya haushikamani na polipropilini, kwa hiyo hauongezi ukakamavu mwingi. Lakini ufa ukirudi, waya huchomoka badala ya kukatika, na kipande hakidondoki barabarani. Akitia ABS juu ya polipropilini kiraka hubanduka kizima, kwa kuwa plastiki hizo hazichanganyikani. Fiberglasi ya poliesta haina nafasi hii: resini ikishaganda haiyeyuki tena, pigo hutenganisha matabaka yake kimyakimya, na juu ya polipropilini haikai.

Kwa nini basi tusifunge bamba la chuma, kama wafanyavyo wengi? Pingamizi hili ni zito. Chuma cha milimita 1.5 kina karibu kilo 12 kwa mita ya mraba. Polipropilini yenye asilimia 40 ya kioo, kwa unene wa milimita 4, haifiki kilo 5. Lakini uzito haumsumbui sana mtu asiyetoka nje ya mji. Shida ni kwamba chuma kikibonyea hubaki kimebonyea: nafasi kati yake na karteri hupungua pigo kwa pigo, hadi jiwe linapolisukuma bamba likagonga karteri, ambayo mara nyingi ni alumini. Plastiki yenye nyuzi hubonyea na kurudi. Kwenye chesisi chuma kibaki.

Pingamizi la pili huja na matumaini: duniani kuna nyuzi za basalti, zinazovutwa kutoka kwenye mwamba ulioyeyushwa kwa digrii 1,400 na zaidi, nasi lava tunayo. Kemia inakataa. Uzi huhitaji silika ya kutosha, kwa kawaida zaidi ya asilimia 46, ili mwamba ulioyeyuka uwe mzito. Lava ya Nyiragongo ina karibu asilimia 40, na wepesi ule ule ulioifanya iwawahi watu katika mlipuko wa mwaka 1977 ndio unaoifanya isivutike.

Uzi wa Goma uko sokoni, umebeba unga, maharage na makaa. Gunia la plastiki limefumwa kwa tepe za polipropilini zilizovutwa hadi molekuli zake zikalala upande mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Ian Ward na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba ukibana kitambaa cha namna hiyo kwa joto lililopimwa, ngozi ya kila tepe huyeyuka ikawa gundi, huku kiini kikibaki na nguvu yake. Nyenzo iliyotokana na kazi hiyo, Curv, imetumika kutengenezea masanduku ya safari ya Samsonite. Ukakamavu wake, gigapaskali 4 hadi 5, ni mdogo kuliko wa plastiki yenye kioo, lakini pigo humezwa kwa tepe kuvutika na kubanduka, na kipande kikichakaa chote huyeyushwa. Ugumu uko kwenye joto: nafasi ni ya digrii chache tu, na likipitwa tepe hurudi kuwa plastiki ya kawaida. Panahitajika kibanio chenye kipimajoto na umeme usiokatika. Tena, gunia lililokaa juani miezi kadhaa hupukutika vidoleni. Molekuli zake zimekatwa, na hakuna joto litakaloziunga. Magunia ya makaa yanayoanikwa kando ya barabara ya Sake yaachwe. Yale ya unga yaliyotunzwa ghalani ndiyo ya kuanzia, na kinga ya injini yenyewe hukaa kivulini.

Jaribio linalofaa si ghali. Kipande cha lava kilichopasuliwa upya hufungwa kwenye uzito unaodondoshwa, nishati huwekwa juli chache, na kinachohesabiwa ni mapigo hadi mafuta yaliyomwagwa juu ya bamba yapenye. Kisha bamba hupelekwa kwa fundi, hushonwa kwa joto, na kurudishwa chini ya uzito ule ule, ili zipatikane hesabu mbili. Jiwe litabutuka, hivyo libadilishwe mara kwa mara, jambo ambalo watu wa viwango hawatalipenda kwa kuwa hakuna mawe mawili yanayofanana. Dawa yake ni kupima mabamba mengi na kuchapisha mtawanyiko wa matokeo pamoja na wastani.